Karatasi Inayojikunja na Kuhisi: Namna ya Kuijaribu Nyumbani

Roboti ndogo za kujikunja hutengenezwa kwa utando mwembamba uliowekewa mikunjo mapema, kwa kufuata origami, sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi. Palipo na mkunjo ndipo penye kiungo, hivyo skrubu na bawaba za chuma hazihitajiki. Mwaka 2014 wataalamu wa vyuo vya Harvard na MIT, Marekani, walionyesha roboti ya karatasi na plastiki iliyokuwa bapa kabisa. Ilijikunja kwa dakika nne hivi, kisha ikatembea.

Inajikunjaje? Plastiki yake husinyaa ikipata joto. Upande mmoja ukisinyaa na wa karatasi ukabaki na urefu wake, utando wote hulazimika kupinda. Kanuni hiyo utaiona nyumbani kwa kutumia unyevu badala ya joto kali.

Nunua karatasi ya daftari na selotepu pana. Mkasi azima kwa jirani. Karatasi na selotepu hupatikana katika duka la vifaa vya shule. Bandika selotepu upande mmoja wa karatasi. Usiivute, wala usiache hewa ndani. Kata kipande chembamba cha upana wa kidole, kishike ncha moja, kisha kiweke juu ya kikombe cha maji ya moto, karatasi ikitazama chini. Vidole viwe mbali na mvuke, na kama anayejaribu ni mtoto, kikombe ukishike wewe.

Nyuzi za karatasi hunywa unyevu na kutanuka, selotepu hainywi. Kipande kitajipinda kuelekea upande wa selotepu, na kikikauka kitalegea polepole. Kikipinda kidogo mno, kata kingine: kama cha kwanza ulikikata kwa urefu wa karatasi, hiki kikate kwa upana wake. Nyuzi nyingi hulala upande mmoja, nayo karatasi hutanuka zaidi kwa kuzikatisha nyuzi hizo. Jaribu vyote viwili mbele ya watoto, waone wenyewe tofauti. Hapo umepata kitu kilichohisi unyevu kikasogea, bila betri wala waya, na kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa la mashine hizi.

Je, karatasi inaweza kutoa habari kwa umeme? Inaweza. Chukua kipande kisicho na selotepu, ukipake penseli laini ya 2B au 6B mstari mnene, bila kuacha pengo. Usinunue mita ya kupimia umeme kwanza. Muombe fundi redio au fundi simu wa mtaani akupimie ukinzani, yaani kiasi ambacho mstari unauzuia umeme kupita. Ukikipinda mstari ukiwa nje, namba hupanda. Ukiwa ndani, hushuka. Ndivyo roboti inavyoweza kujua kiungo chake kimekunjwa kiasi gani. Karatasi hii usiiunganishe kamwe na umeme wa nyumba.

Wengine huuliza kama roboti hizi zinatibu. Mwaka 2016 watafiti wa MIT na wenzao walionyesha moja ya kumezwa, iliyotengenezwa kwa utumbo wa nguruwe uliokaushwa, ule wa kufungia soseji. Ilikunjwa ndani ya kidonge cha barafu. Barafu ikayeyuka, ikajikunjua, ikaongozwa kwa sumaku kutoka nje ili ing'oe betri ndogo ya duara iliyonasa. Tumbo lililotumika lilikuwa la bandia, kwa hiyo usiitegemee kama tiba.

Mtoto akimeza betri kama hiyo, ya saa au ya rimoti, usimtapishe wala usingoje dalili. Mkimbize hospitali yenye eksirei, hata iwe usiku wa manane, kwa sababu betri iliyonasa kwenye njia ya chakula inaweza kuiunguza vibaya ndani ya saa mbili. Beba pakiti yake au betri inayofanana nayo, umwonyeshe daktari.