Mhusika wa Mwisho: Shangwe na Manung'uniko

Wanachama wenzangu, hebu leo tuchunguze mioyo ya mashabiki. Mfano wetu ni Super Smash Bros. Ultimate, mchezo wa video wa kampuni ya Nintendo ya Japani uliotoka mwaka wa 2018. Humo wahusika wa michezo mbalimbali hukutanishwa wapigane, na wengine waliongezwa baadaye kwa malipo.

Tarehe 5 Oktoba 2021 mwelekezi wake, Masahiro Sakurai, alimtangaza wa mwisho: Sora wa Kingdom Hearts, kijana ambaye silaha yake ina umbo la ufunguo. Lo! Watu walipiga mayowe, wengine wakatokwa na machozi. Mbona? Mwaka wa 2015 mashabiki waliombwa wamtaje wamtakaye, na Sora ndiye aliyeongoza. Lakini haki zake ziko kwa Disney, basi wengi walikuwa wameshakata tamaa.

Wengine waliguna eti wenye panga wamezidi. Hao wasitusumbue, wapiganaji wamepita 80, si wachague mwingine! Mimi nawahurumia waliomngoja Waluigi. Yeye yumo, ila kama msaidizi tu, na baada ya Sora hakuna aliyeongezwa tena.