Mnunuzi Anaponyimwa Shamba Alilolilipia

Mkazi wa Kata ya Binza aliyelipia shamba kisha muuzaji akakataa kumkabidhi asikimbilie Mahakama ya Mwanzo, kwani haina mamlaka juu ya migogoro ya ardhi. Kwa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura 216, shauri huanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza hilo husuluhisha tu, haliamui. Usuluhishi ukishindikana, hutoa uthibitisho, na mwombaji hufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Huko hati ya mauziano pekee haitoshi, hata ikijaa alama za dole gumba. Ardhi ya kijiji huuzwa kwa idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Mahakama ya Rufani imekwisha kutamka kuwa mauzo yasiyo na idhini hiyo ni batili. Mhuri wa mwenyekiti si idhini. Kinachohitajika ni muhtasari wa kikao kilichoridhia mauzo. Aliyeukosa ni heri adai fedha zake, kwa kifungu cha 65 cha Sheria ya Mikataba, Sura 345, tena mapema: madai ya mkataba hukoma baada ya miaka 6, ya kurejesha ardhi baada ya miaka 12.