Kupumzika kwa Kipimo Baada ya Kugongwa Kichwa

Ndugu mfanyakazi, jiwe lilikuangukia kichwani, au uliteleza shimoni. Mfupa haukuvunjika, damu haikutoka. Lakini majuma yanapita na kichwa bado kinauma, mwanga unachoma macho, kizunguzungu kinakushika, unasahau ulichoambiwa asubuhi. Huo si uvivu, wala hukulogwa. Ni mtikisiko wa ubongo ambao haujapona.

Katika milima yetu ya Kalehe, Nyabibwe hata Numbi, asiyechimba halipwi. Kwa hiyo mmoja anarudi upesi kubeba mfuko wa madini. Mwingine anafungiwa chumbani gizani mwezi mzima. Wote wawili wanachelewa kupona. Zamani waganga walisema mgonjwa alale mpaka dalili zote ziishe. Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walisema sivyo: apumzike nyumbani siku moja au mbili, kisha aanze kutembea.

Hata kama majuma yamekwisha kupita, anza ngazi ya kwanza:

1. Kazi nyepesi za nyumbani, na kutembea polepole mahali tambarare.
2. Kutembea kwa mwendo wa haraka kidogo.
3. Kulima kidogo, au kuteka maji nusu ndoo.
4. Kazi nyepesi nje ya shimo, nusu siku.
5. Shimo na mizigo, baada ya dalili kwisha na mganga kuruhusu.

Kila ngazi ipewe siku moja au zaidi. Kabla ya kuanza, yapime maumivu yako kutoka 0 mpaka 10. Yakipanda kwa alama 1 au 2, na kutulia kabla ya saa moja kwisha, usiogope. Yakizidi hapo, acha, pumzika, na kesho ushuke ngazi moja.

Mama wa nyumba, msaidie apate usingizi wa usiku, na watoto wapunguze kelele. Asinywe kasiksi wala pombe nyingine, asiendeshe pikipiki. Akitapika mara kwa mara, akishikwa na kifafa, akilegea mkono au mguu, akiwa haamshiki, au maumivu yakizidi kupanda, mpelekeni hospitali upesi, hata usiku. Dalili zikipita majuma manne, arudi kwa mganga.

Nawe kapita, mpe mwenzako kazi nyepesi bila kumcheka. Pigo la pili juu ya ubongo usiopona laweza kumwondolea kazi daima, hata uhai.