GUNIA MOJA MBELE, GUNIA MOJA NYUMA: SOMO LA MKOKOTENI NA TRELA

Wako miongoni mwetu wanaodai ati fizikia haisemeki kwa Kiswahili. Basi mimi nimeamua kuwajibu kwa mkokoteni. Usicheke kwanza, nisikilize.

Likizo ya Agosti mwaka jana binamu yangu alikuwa akivuta ndizi kutoka kwao kuelekea soko la Keroka, pale mpakani mwa kaunti zetu mbili, Kisii na Nyamira. Mimi nilikuwa nyuma nikisukuma. Asubuhi hiyo tulipanga mikungu kuelekea mkiani ili isimgonge mgongoni. Tulipokuwa kwenye tambarare mambo yalikuwa shwari kabisa. Binamu alikuwa akiimba, akasema, "Leo mkokoteni ni mwepesi, sijui kwa nini." Kumbe wepesi huo ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe!

Tulipoanza kupanda mlima, mipini ilianza kuinuka. Akaikandamiza. Ikainuka tena. Gurudumu lilipokanyaga jiwe, lo! mipini ilipaa juu, naye akaning'inia kama popo, miguu haigusi chini. Mkia ukapiga ardhi, mikungu ikaporomoka kuniendea, mimi nikaruka kando. Alipoachilia aliangukia mkono wake wa kulia. Mfupa wa kifundo ulivunjika. Kwa wiki sita hakuvuta kitu, na karo ya dada yake ya muhula ule ilitegemea mkokoteni huo huo. Zile ndizi zilizopondeka tulizila nyumbani mpaka tukazichukia.

Hebu sasa tuone ni nini hasa kilitokea. Mkokoteni una ekseli moja, kwa hiyo ni mizani ya kubembea. Mzigo uko upande huu au upande ule wa ekseli, na mvutaji yuko mwisho wa mipini akisawazisha. Mwalimu wa fizikia wa kidato cha pili hutuambia kwamba momenti ni kani mara umbali kutoka mahali pa kugeukia. Hapa mahali pa kugeukia ni ekseli. (Mwalimu atanisamehe nikisema kilo badala ya nyutoni. Sokoni hakuna anayeuza kabichi kwa nyutoni.)

Tuseme mzigo wetu ulikuwa kilo 200, na kitovu chake cha uzito kilikuwa sentimita 15 nyuma ya ekseli. Kutoka ekseli hadi mikononi mwa binamu ni mita 2, yaani sentimita 200. Zidisha 200 kwa 15, ugawe kwa 200: unapata kilo 15. Hizo kilo 15 zilikuwa zikisukuma mipini juu. Mtu akiisukumia chini, ni kama ameegemea ukuta, anaona raha. Lakini kila kilo anayoitumia kukandamiza mipini imeondoka kwenye nyayo zake, na nyayo ndizo anazovutia.

Sasa mlima. Jambo hili sikulijua hata kidogo, na ndilo linalotuhusu sana sisi watu wa milima. Mkokoteni unapoinama, kitovu cha uzito huhama. Hakihami kwa sababu mzigo umeteleza, la. Huhama kwa sababu kiko juu ya ekseli, na ukiinamisha kitu kirefu kichwa chake huenda mbali kuliko miguu. Ikiwa kitovu kiko sentimita 60 juu ya ekseli, na barabara inapanda mita 1 kwa kila mita 5 za kwenda mbele, basi kitovu hurudi nyuma sehemu moja ya tano ya 60, yaani sentimita 12. Zile 15 zetu zikawa 27, na kilo 15 zikawa 27. Binamu yangu ni mwembamba, hafiki kilo 60. Karibu nusu ya uzito wake ilikuwa imeshaondoka miguuni mahali pale alipouhitaji zaidi. Jiwe lilimalizia tu.

Utaona basi kwamba urefu wa mzigo una maneno yake. Chukua kilo 200 za yale mawe laini ya kuchongea kutoka Tabaka. Jiwe lile ni zito kuliko maji mara mbili na nusu hivi, kwa hiyo kilo 200 hulala chini kwenye ubao, hata goti halifiki. Kitovu kiko chini, mlima haukisogezi sana. Ndizi za uzito ule ule hupanda mpaka kifuani. Mizani itakwambia ni mizigo sawa, lakini mlima utakataa.

Mkono ulipokuwa ukipona nilienda na binamu soko la Daraja Mbili, Kisii mjini, nikamtafuta mzee mmoja ambaye amevuta mkokoteni tangu kabla sijazaliwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akamtazama binamu mkononi, akaguna.

"Mzigo wenu ulilala nyuma," akasema kabla hatujamweleza lolote.

"Umejuaje, mzee?"

"Waliovunjika mkono, mzigo ulilala nyuma. Waliovunjika mgongo, ulilala mbele. Kijana wangu, ukifika chini ya mlima, simama. Gunia moja lisogeze mbele. Ukifika juu, kabla ya kushuka, simama tena. Lirudishe nyuma."

Nilidhani anatuzungusha. Gunia moja kati ya sita lingefanya nini? Usiku nikatoa daftari. Magunia sita ya kilo 50 ni kilo 300. Ukilisogeza moja sentimita 60, kitovu cha mzigo wote kinahama 50 mara 60 gawa kwa 300, yaani sentimita 10 kamili. Fanya kitovu kiwe sentimita 50 juu ya ekseli. Mlima ule ule wa 1 kwa 5 hukirudisha nyuma sentimita 10. Msomaji, nilishtuka! Mzee hakuwahi kukaa katika darasa la fizikia, lakini gunia lake linafuta mlima bila kubakisha hata sentimita.

Kwenye tambarare yeye hupenda kitovu kiwe kama sentimita 10 mbele ya ekseli. Hiyo huweka kilo 15 mikononi, mzigo ambao mtu anaweza kuubeba siku nzima. Akipanda bila kusogeza gunia, zile 15 huwa sufuri na mipini huanza kucheza. Akiteremka bila kusogeza huwa 30, na hapo kuna hatari nyingine. Unajua breki ya mkokoteni ni kipande cha tairi kuukuu kilichofungwa mkiani: mvutaji huinua mipini ili mkia ukwaruze lami. Mwenye kilo 30 mikononi atainua vipi, huku mzigo unamkimbiza? Ndiyo maana gunia hurudi nyuma kabla ya mteremko.

Tuache mkokoteni, twende kwenye trekta, maana sheria ni ile ile. Tofauti ni kwamba trekta haina mikono ya kulalamika. Trela ya ekseli moja, kama zile za kubebea matofali na kuni, huweka sehemu ya mzigo wake kwenye ndoano iliyo nyuma ya trekta. Tuseme ni kilo 500, na ndoano iko sentimita 80 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni mita 2. Basi magurudumu ya mbele yanapunguziwa kilo 200, nayo ya nyuma yanaongezewa 700. Ya nyuma yatashika udongo vizuri, sikatai. Lakini dereva atakata kona kwa kutumia nini? Ndiyo maana utaona vyuma vizito vimefungwa kwenye pua ya trekta nyingi. Na tafadhali, asikudanganye mtu kufunga mnyororo juu ya ekseli ya nyuma eti ndipo trekta ipate nguvu. Mvuto wa juu huigeuza trekta kichwa nyuma kwa muda mfupi kuliko wa kupiga kelele. Funga chini, kwenye ndoano yake.

Huko majuu, hasa Marekani, watu husafiri na nyumba ndogo ya magurudumu nyuma ya gari, na wao wamelitengenezea jambo hili kifaa. Kwanza hupanga vitu ndani ya nyumba ile hadi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake ilale kwenye ndoano. Ikipungua hapo, mkia wa trela huanza kuyumba kushoto na kulia barabarani. Lakini uzito huo nao huinua pua ya gari. Kwa hiyo hutia vyuma viwili vya springi kutoka kichwa cha ndoano hadi chini ya shingo ya trela, na kuvivuta juu kwa minyororo. Vyuma hivyo hufanya kazi ya mipini ya mkokoteni: vikiinuliwa, uzito unasukumwa kwenda magurudumu ya mbele ya gari, na mwingine kurudi kwenye magurudumu ya trela.

Nilipiga hesabu ya gari lenye mita 3 kati ya ekseli zake, ndoano mita 1.2 nyuma, trela yenye mita 5 kutoka ndoano hadi ekseli, na kilo 300 kwenye ndoano. Bila springi, mbele hupoteza kilo 120 na nyuma huongezewa 420. Springi zikikazwa hadi mbele irudishiwe zote 120, nyuma hubaki na nyongeza ya 242 hivi, na 58 huenda kwenye magurudumu ya trela.

Kukaza kwenyewe hakuhitaji mizani, futi ya fundi cherehani yatosha. Trela iwe imejazwa mizigo ya safari, na gari lisimame mahali tambarare. Pima kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi ulio juu ya gurudumu la mbele: tuseme sentimita 80. Funga trela bila springi, pima tena: 84. Sasa inua mnyororo pete moja moja, kushoto na kulia sawasawa, ukipima kila mara, hadi pua ishuke. Vitabu vingine vya magari hutaka irudi angalau nusu, yaani 82, vingine hutaka ikaribie 80 yenyewe. Fuata cha gari lako, lakini usipite chini ya 80, kwani hapo nyuma ya gari itakuwa nyepesi mno na itateleza kwenye kona. Unapofungua, inua shingo ya trela kwa jeki kwanza. Springi iliyokazwa ikifyatuka humvunja mtu mkono, na hayo tayari nimekusimulia.

Binamu yangu alirudi kazini mwezi wa kumi. Amepaka mstari mwekundu wa rangi juu ya ubao, pale ekseli inapopita, na mwingine sentimita 10 mbele yake. Anapopakia ndizi hunipigia kelele nikiweka hata mkungu mmoja nyuma ya ule mwekundu.