Tumbo Lisilopona: Jinsi Sarkoidosisi ya Tumboni Inavyotambuliwa

Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Mlali, Wilaya ya Mvomero

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha mgonjwa ambaye tumbo limemsumbua kwa miezi, ameshameza dawa za minyoo, za vidonda vya tumbo na za malaria, na bado anazidi kukonda. Ni cha ndugu anayemsindikiza hospitali pia. Kinaeleza ugonjwa ambao wengi hawajausikia, sarkoidosisi, na njia anayopita daktari hadi autaje. Huku kwetu jina hilo hutajwa mwisho, baada ya kifua kikuu na magonjwa mengine yanayofanana nao kutafutwa na kukosekana.

Sarkoidosisi ni nini?

Ni ugonjwa ambao chembe za kinga ya mwili hujikusanya na kutengeneza vinundu vidogo, vingi vikionekana kwa hadubini tu. Chanzo chake hakijajulikana. Si saratani, hauambukizwi, na hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa chombo wala kitanda.

Zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa huwa na vinundu kwenye mapafu au tezi za kifuani. Kwa hiyo usishangae umekwenda kwa shida ya tumbo ukaambiwa upige picha ya kifua. Tumboni, ugonjwa hupenda ini, bandama na tezi. Mfuko wa chakula na utumbo huguswa kwa nadra.

Dalili za tumboni

Wengi wenye vinundu kwenye ini hawahisi lolote. Wanaougua huweza kupata:

- maumivu au uzito chini ya mbavu, kulia au kushoto;
- kukonda, uchovu na homa zisizoeleweka;
- mwili kuwasha, na mara chache macho kuwa ya njano;
- kushiba upesi kwa sababu bandama imekua;
- kiu, kukojoa sana na choo kigumu, kwa sababu madini ya kalsiamu yamezidi kwenye damu.

Dalili za nje ya tumbo zina uzito uleule: kikohozi kikavu, macho mekundu yanayouma, vipele visivyokauka, tezi za shingo zilizovimba. Usimfiche daktari hata kama unaona hazihusiani na tumbo.

Magonjwa yanayofanana nao

*Kifua kikuu cha tumbo.* Huleta homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, tezi, na wakati mwingine maji tumboni. Morogoro inajulikana duniani kwa panya wa APOPO, walioko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), wanaonusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Lakini panya hunusa makohozi aliyoletewa. Bakteria wakijificha kwenye tezi za tumboni, makohozi yanaweza kuwa safi kabisa. Jibu la makohozi peke yake halitoshi kusema huna kifua kikuu.

*Kichocho cha tumbo.* Mayai ya vimelea hukwama kwenye ini, nayo huzungukwa na vinundu, bandama huvimba. Mweleze daktari kama unaingia miguu mitupu kwenye mifereji ya kumwagilia bustani, au unaoga mtoni.

*Brusela.* Hutokana na maziwa yasiyochemshwa na kuzalisha mifugo bila glovu. Nayo huleta homa za kurudiarudia na vinundu kwenye ini.

*Mengine.* Malaria ya mara kwa mara hukuza bandama. Saratani ya tezi huweza kuonekana kwenye picha sawa na sarkoidosisi. VVU hupimwa mapema, kwa kuwa majibu yake hubadili orodha nzima ya magonjwa ya kutafuta.

Hatua za uchunguzi

1. *Kituo cha afya.* Utaulizwa historia, utapapaswa tumbo na tezi, na kupimwa malaria, VVU, choo na makohozi. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini. Tatizo likiendelea, omba rufaa badala ya kurudia dawa zilezile.

2. *Damu na picha.* Katika hospitali ya rufaa, kama ile ya Mkoa wa Morogoro, hupimwa kazi ya ini, figo na kalsiamu, na hupigwa picha ya kifua na ultrasaundi ya tumbo. Pengine utatumwa kwenye siti skani. Picha huonyesha ini au bandama yenye madoa na tezi kubwa. Haziwezi kusema madoa hayo ni ya nini. Hata kipimo cha damu kiitwacho ACE, kikipanda au kisipopanda, hakithibitishi wala hakiondoi ugonjwa.

3. *Kuchukua kinyama.* Hapa ndipo penye uzito. Daktari huchagua sehemu iliyo rahisi na salama zaidi: tezi ya shingo au kipele cha ngozi kama vipo, vinginevyo ini, kwa sindano inayoongozwa na ultrasaundi, au mfuko wa chakula kwa mpira wenye kamera. Kabla ya sindano ya ini hupimwa kuganda kwa damu. Sema kama unatumia aspirini, dawa za kuyeyusha damu au dawa za miti shamba. Baadaye utalala chini ya uangalizi kwa saa kadhaa.

4. *Maabara.* Kinyama kigawanywe vipande viwili. Kipande kimoja huwekwa kwenye formalini kwa ajili ya hadubini. Cha pili kisiguswe na formalini, kwa sababu huua bakteria na kuzuia kuoteshwa. Hicho ndicho cha kutafutia kifua kikuu. Kinundu cha kifua kikuu mara nyingi huoza katikati kama jibini. Cha sarkoidosisi kwa kawaida hakiozi. Tofauti hiyo husaidia, ila haitoshi yenyewe.

Daktari hukata shauri lini?

Mambo matatu yakikutana: dalili na picha zinaendana na ugonjwa, vinundu visivyooza vimeonekana kwenye kinyama, na magonjwa yanayofanana nao yametafutwa yasionekane. Pakikosekana moja, uchunguzi unaendelea.

Ugonjwa ukithibitishwa, macho na moyo navyo hupimwa, hata kama hujisikii vibaya, maana vinaweza kuharibika kimyakimya.

Tahadhari kuhusu prednisoloni

Si kila mgonjwa anahitaji dawa. Wengine hufuatiliwa tu. Wanaohitaji, mara nyingi huanzishiwa prednisoloni. Dawa hii hushusha kinga. Ikipewa mwenye kifua kikuu kisichotibiwa, humpa nafuu ya siku chache huku ugonjwa ukisambaa. Kwa hiyo:

- usinunue prednisoloni duka la dawa kwa ushauri wa jirani;
- kabla ya kuianza, uliza kama umepimwa kifua kikuu, homa ya ini aina ya B, minyoo na kisukari;
- ukishaitumia kwa wiki kadhaa, usiiache ghafla; hupunguzwa kidogokidogo;
- usitumie vidonge vya kalsiamu au vitamini D bila idhini ya daktari.

Maswali ya kumuuliza daktari

- Kifua kikuu cha tumbo kimetafutwa kwa njia zipi?
- Kinyama kitapelekwa maabara gani, na kuna kipande kisicho kwenye formalini?
- Majibu nitayafuata wapi, na lini?
- Tusipopata jibu, hatua inayofuata ni ipi?

Tunza kadi, picha na majibu yote kwenye bahasha moja, uende nayo kila safari.

Usisubiri kliniki

Wahi hospitali mara moja ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, macho yakigeuka njano, tumbo likijaa maji au kuuma ghafla kwa nguvu, ukichanganyikiwa, ukizimia, au ukianza kutoona vizuri. Kwa ushauri wa afya, piga 199 bila malipo.