Kaburi la Papa Yulio II

Kule Roma, katika kanisa la Mtakatifu Petro penye Minyororo, imo sanamu ya Musa ya marmari nyeupe. Ameketi, na hata hivyo urefu wake wapita meta 2. Mkono wake wa kuume umeshika mbao za Amri Kumi. Sanamu hiyo ni sehemu ya kaburi.

Mwaka 1505 Papa Yulio II alimwagiza fundi Michelangelo, mtu wa Firenze, amchongee kaburi. Walipatana liwe kubwa kama nyumba, lenye sanamu zipatazo 40, likae ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro. Fundi akaenda milima ya Carrara, akakaa huko miezi ipatayo 8 akichagua mawe. Aliporudi, Papa alikuwa amegeuza nia, akitaka kwanza kujenga basilika mpya. Michelangelo akaenda kudai fedha za mawe, akafukuzwa mlangoni. Kwa hasira akakimbilia Firenze, mwaka 1506. Baadaye walipatana, lakini akapewa kupamba dari ya kanisa la Sistina, kazi ya miaka 4.

Papa alifariki mwaka 1513. Jamaa zake wakaandikiana na fundi mapatano mapya mara kwa mara, na kaburi likazidi kupungua, maana Mapapa waliofuata nao walimtaka kwa kazi zao. Akiwa mzee aliandika kwa uchungu ya kuwa kaburi hilo lilimfunga na kumpotezea ujana wake. Lilimalizika mwaka 1545, limeegemezwa ukutani, lenye sanamu 7 tu. Musa, Lea na Raheli alichonga mwenyewe. Nyingi katika zile nyingine ni kazi ya wasaidizi.

Amtazamaye Musa ataona pembe mbili kichwani. Je, Musa alikuwa na pembe? Hasha! Kitabu cha Kutoka, sura ya 34, chasema ya kuwa aliposhuka mlima Sinai uso wake uling'aa, kwa sababu alisema na Mungu. Katika Kiebrania neno hilo la kung'aa lina shina moja na neno la pembe, naye Mtakatifu Yeronimo, alipofasiri kwa Kilatini, alifuata maana ya pembe. Mafundi wengi wakachonga hivyo. Basi pembe hizo zasimama mahali pa nuru.

Je, Papa Yulio amelala humo? La. Mifupa yake imo katika Basilika ya Mtakatifu Petro, pamoja na Papa Sisto IV, ndugu wa baba yake, chini ya bamba la jiwe sakafuni.