Nyoka Katika Bustani ya Shule

Wanafunzi wenzangu, na nyinyi ndugu zetu mliokwisha kutoka hapa, nataka kuwaeleza habari za wageni wetu wa kila msimu wa mvua.

Kampala ni mji wa vilima, na zamani kati ya kilima na kilima palikuwa na bonde la mafunjo na maji. Hata jina lenyewe latokana na mnyama, kwani kilima cha kwanza kiliitwa Kasozi k'Empala, yaani kilima cha swala. Swala hao hawapo tena. Nyoka wapo. Mabonde mengi yamejazwa udongo yakajengwa nyumba, na miti mingi imekatwa, wala nyoka hawakuonyeshwa mahali pengine pa kuhamia. Basi hukaa pamoja nasi, katika ua, katika rundo la kuni, chini ya majani makavu ya migomba na katika bustani ya kabichi.

Watu wengi hudhani kwamba nyoka huingia bustanini kwa nia ya kumtafuta mtu. Sivyo. Huja kutafuta chakula, nacho ni panya, chura na mijusi. Sisi wenyewe humwaga mabaki ya posho na maharagwe nyuma ya jiko. Panya huyafuata, na nyoka huwafuata panya. Mwenye kutaka kupunguza nyoka na aanze na ndoo ya takataka, kisha aondoe kuni zilizokaa mwaka mzima bila kuguswa.

Sasa ni nyoka gani hao? Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuandika habari zao ni Kapteni C. R. S. Pitman, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama ya Uganda tangu mwaka 1925. Kitabu chake juu ya nyoka wa Uganda kilitolewa 1938, kikatengenezwa upya na kutolewa tena 1974. Kwa mtu wa bustani si lazima kuwajua wote, lakini wako watatu ambao ni hatari kutowajua.

Wa kwanza ni fira wa msituni. Huyu ni mrefu, aweza kupita mita mbili, naye hupenda mahali penye maji, kwa hiyo nchi hii ya kando ya ziwa humfaa sana. Akikasirishwa huinua kichwa na kutandaza shingo. Wa pili ni koboko wa kijani mwenye mkia mweusi, akaaye mitini na kula ndege. Waingereza humwita mamba, neno walilolipata katika lugha za kusini mwa Afrika. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza alipolisikia akaandika katika daftari lake kwamba Kampala wako mamba wapandao miti. Wa tatu ni kifutu, ambaye Waganda humwita ssalambwa. Fira na koboko wakisikia kishindo cha miguu mara nyingi hukimbia. Kifutu hakimbii. Hulala kimya akitumaini rangi yake, ambayo ni kama majani makavu, na mtu humkanyaga kabla ya kumwona.

Wengine wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu. Yuko nyoka wa nyumbani mwenye rangi ya hudhurungi, ambaye kazi yake ni kula panya, na kumwua huyo ni kama kumfukuza paka. Wako pia nyoka wembamba wa kijani wanaokula chura. Lakini asije mtu akasema, "Huyu ni wa kijani, basi nimshike," kwa maana koboko naye ni wa kijani. Dawa ya asiyejua ni kusimama, kurudi nyuma taratibu, na kuwaita walio wakubwa.

Wazee wetu walikuwa na habari nyingi za nyoka. Husimuliwa kwamba kabla ya Kintu, Buganda ilitawaliwa na Bemba Musota, yaani Bemba Nyoka, aliyekaa Buddo. Kobe mmoja akaenda kwake na wenzake wakalala huko. Usiku wakarudisha vichwa ndani ya magamba, na Bemba alipowaona hawana vichwa akastaajabu. Wakamwambia kwamba wao hukatwa vichwa kila usiku na asubuhi huvipata tena, ndiyo sababu hawafi. Bemba akataka naye akatwe, akakatwa, na Kintu akaipata nchi. Mpaka sasa Makabaka hutawazwa pale Naggalabi, Buddo. Hata hivyo si kweli kwamba nyoka wote walichukiwa. John Roscoe, aliyeandika juu ya desturi za Waganda mwaka 1911, asema kwamba huko Buddu (msomaji asichanganye na Buddo) chatu alikuwa na nyumba yake mwenyewe akanyweshwa maziwa, na watu walimwendea kuomba watoto. Mimi naona wazee hao walitazama kwa macho kuliko sisi, ambao kila chenye magamba twakikimbilia na fyekeo.

Nirudi katika mambo ya leo. Muhula uliopita mtoto wa kidato cha pili aliumwa mguuni alipokuwa akifyeka majani nyuma ya jiko, miguu mitupu. Katika muda wa dakika tano alikuwa amekwisha kupewa madaktari watatu. Mmoja alitoa kamba ya kiatu ili aufunge mguu kwa nguvu, wa pili alikimbia kuleta wembe, wa tatu alisema liletwe jiwe jeusi. Mzee anayetunza bustani ndiye aliyewazuia.

"Vijana, mwacheni. Mlazeni chini, na huo wembe urudi ulikotoka."

Mtoto akauliza, "Mzee, nitakufa?"

"Hufi, mwanangu. Tulia tu, usitikise mguu."

Mimi nilipewa kazi ya kuufunga mguu pamoja na ubao, si kwa kukaza, bali usipate kupinda. Mwingine alimvua saa na kikuku, maana mwili ukivimba vitu hivyo hukaza kama waya. Tukamchukua juu ya mlango mpaka garini. Hakuna aliyebaki kumwinda nyoka, na nafikiri jambo hilo pekee lilituepusha na mgonjwa wa pili. Hospitalini daktari alituuliza saa ya kuumwa, na rangi ya nyoka kama aliyeumwa aliiona, basi. Uvimbe ulifika gotini ukasimama hapo. Alilala siku mbili akitazamwa usiku na mchana, akarudi bila kudungwa dawa ya sumu, kwa kuwa daktari aliona haihitajiki.

Wengi walishangaa kwa habari hiyo ya mwisho, kwa hiyo nieleze. Dawa ya kweli ya sumu ya nyoka hupatikana kwa damu ya farasi. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijue kupigana nayo. Mfaransa Albert Calmette alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifanya, katika miaka ya 1890. Ni dawa ya thamani, ni haba, tena yaweza kumdhuru mgonjwa, kwa hiyo haitolewi ovyo. Si kila mwenye kuumwa ameingiwa na sumu ya kutosha kumwua. Lakini mwenye kuumwa hawezi kulijua hilo akiwa bustanini, ndiyo maana lazima aende hospitali, hata kama hasikii maumivu. Sumu ya fira na koboko huweza kuzuia pumzi, na mguu usivimbe sana.

Jiwe jeusi ni mfupa wa mnyama uliochomwa. Watu wengi wa nchi zetu huliamini, hata wasomi. Lilipojaribiwa kwa panya waliotiwa sumu halikuwasaidia. Ubaya wake mkubwa ni saa zinazopotea mtu akiwa amekaa kulitazama limeshikamana na jeraha.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Hesabu yao ni kwamba kila mwaka hufa watu kati ya 81,000 na 138,000, na wengi wao ni wakulima na watoto wa mashamba. Jeraha lao huwa hasa miguuni na mikononi.

Kwa ajili hiyo nawageukia wanafunzi wa zamani. Bustani yetu ina mafyekeo kumi na manane na jozi nne za gambuti, mbili katika hizo zimetoboka. Atakayepita huku na akajaliwa kuleta jozi moja, tunazohitaji zaidi ni za namba saba na nane. Azikabidhi kwa mzee wa bustani mwenyewe, nyuma ya jiko. Lakini mchana, kwa maana taa ya huko haijawekwa.